Ruta ya Drusilla

Drusilla alisomea ualimu katika chuo kimoja mjini Kisii. Chumba chake cha bweni kilikuwa mwisho wa ujia, na waifai ya chuo ilifika huko kwa shida. Kwa hiyo aliporudi kutoka kwao Nyamache, alikuja na ruta kuukuu ya kaka yake. Jioni aliichomeka kwenye tundu la mtandao ukutani. Mtandao ukashika. Akalala kwa furaha.

Asubuhi mtandao ulikatika orofa nzima. Jirani yake, Kaltuma, aliyekuwa akimaliza masomo, aliingia mbio.

"Kwako upo? Saa nne nina mahojiano ya kazi kwa video!"

"Hata kwangu umepotea," Drusilla alijibu.

Walipotoka, ujiani alikuwepo Nyamoita, fundi wa mtandao wa chuo.

"Kuna mtu amechomeka ruta yake," aliwaambia wanafunzi. "Naomba aitoe."

Drusilla alirudi nyuma ya wenzake. Aliogopa kufukuzwa bwenini. Kisha akamwona Kaltuma akifuta machozi kwa ncha ya hijabu.

"Ni yangu, madam," alisema. "Sikujua ina madhara."

Nyamoita hakugomba. Aliingia chumbani, akaichomoa ruta, akaeleza.

"Kila simu ikiingia kwenye mtandao hupewa namba, na namba hizo hutolewa na mtambo wa chuo. Ruta yako nayo ilianza kugawa zake. Simu zilizopokea namba zako zikapotea njia. Tena hukuweka nenosiri. Hata mpita njia angeweza kuingia kwenye mtandao wa chuo."

"Sasa mimi?" Kaltuma aliuliza.

"Zima waifai ya simu yako, kisha uiwashe tena."

Mtandao ukarudi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

"Lakini madam, huku mwisho tunateseka," Drusilla alisema.

"Mbona hamkuniambia? Mtu asichomeke kifaa bila kuuliza. Niandikieni vyumba vyenye shida."

Siku hiyo hiyo Drusilla alipita mlango kwa mlango, akaandika vyumba tisa. Wiki mbili baadaye, Nyamoita alifunga kifaa cha chuo kwenye dari ya ujia. Vyumba vyote tisa vikapata mtandao mzuri.

Jumatatu iliyofuata Kaltuma alipiga kelele hadi watu wakatoka vyumbani.

"Nimepata kazi! Nitafundisha shule moja kule Magwagwa!"

Akamkumbatia Drusilla. "Asante kwa kusema ukweli, dadangu," alimwambia. "Sasa njoo unisaidie kufunga mizigo."

Drusilla alicheka, akaenda kumtafutia kamba.