Banda la Kuku la Vumilia

Kila asubuhi kabla ya shule, Klara alifagia ua wao mdogo wa Mushasha, mjini Gitega, na Vumilia akawapa kuku maji. Mwenzake kuku, yeye ufagio! Jambo hilo lilimchoma Klara rohoni.

Vumilia alikuwa binti wa mjomba wake. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na wazazi wake waliporudi Burundi walifikia kwa bibi huko Gashoho, upande wa Muyinga. Kwa kuwa walikuwa bado wanajenga, Vumilia alipelekwa Gitega kwa shangazi yake, mama yake Klara, ili asome. Alifika na begi moja na kikapu chenye matetea watatu.

"Bibi amenipa," alisema. "Amesema mtu aliyerudi nyumbani lazima awe na cha kuanzia."

Klara alikumbuka likizo zote alizokwenda Gashoho kumchotea bibi maji na kumpukuchulia maharage. Hata unyoya hakupewa.

Mama yake, Jeska, hakuwa na maneno mengi. Alimwita Mzee Damiano, chefu wa mtaa, yaani kiongozi wao, aje aone kona ya kujenga banda.

"Hapa panafaa, ni mbali na dirisha la jirani," alisema Mzee Damiano. "Lakini sheria ya mtaa mnaijua. Kuku wakae ndani. Wakionekana kwa watu, banda linaondoka."

Mama Jeska alishika msumeno, na jioni banda lilikuwa limesimama.

Mama Jeska aliazima jogoo kwa siku chache, na baadaye tetea mmoja akaanza kuatamia. Vumilia hakuzungumza kingine. "Wiki hii vifaranga wanatoka, shangazi!" Naye Mama Jeska akajibu mezani, "Una mkono wa kufuga, mwanangu." Klara alisukuma sahani yake.

Kesho yake alitangulia kurudi kutoka shuleni. Nyumbani hapakuwa na mtu. Alichomoa kijiti kilichofunga mlango wa banda, akaingia ndani ya nyumba na kujifanya anasoma. Tetea wa mayai hakutoka. Wale wawili walipenya chini ya uzio hadi kwenye tuta la mchicha, lengalenga kama wanavyouita, katika bustani ya Bi Amisa, jirani yao mshonaji wa nguo.

Mama Jeska na Vumilia walipokuwa wanaingia, sauti ya Bi Amisa ilikuwa imeshajaa mtaa mzima.

"We Jeska! Kuja uone! Lengalenga yangu imebaki vijiti! Mi nipike nini leo, mchanga?"

Vumilia aliwakamata wale kuku wawili akawatia kikapuni, na Mzee Damiano akaitwa. Akauliza, "Nani alifunga banda asubuhi?"

"Mimi, mzee," alisema Vumilia. "Nilifunga."

"Huwa anasahau," Klara akadakia.

Vumilia alimtazama kwa mshangao, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mzee. Nisamehe, Bi Amisa."

"Kesho jioni nisilikute banda hili," alisema Mzee Damiano, akaondoka.

Klara alisubiri furaha ije. Haikuja. Alipotoka nje alimkuta Vumilia na nyundo, ameshang'oa ubao mmoja.

"Unafanya nini? Amesema kesho!"

"Kule kambini ukiambiwa bomoa, unabomoa mwenyewe. Ukisubiri wakubomolee, mbao zinavunjika." Hakulia. Aliweka misumari kwenye kopo taratibu. "Sijui tetea atakubali kulalia mayai mahali pengine. Akikataa, yameharibika. Lakini labda ni kweli nilisahau. Wewe ni mwenyeji, ulikuwa unaona."

Maneno hayo yalimshinda Klara. Kama Vumilia angemtukana, angejibu. Lakini mtu aliyeamini uongo wako juu yake mwenyewe, utamjibu nini?

"Weka nyundo chini," alisema. "Hukusahau. Nilifungua mimi."

Vumilia aliweka nyundo chini. "Ukasema nasahau," alisema hatimaye. "Mbele ya watu."

Klara alikimbilia jikoni akamweleza mama yake, akitamka maneno kwa shida.

"Kwa nini?" Mama Jeska aliuliza.

"Bibi hakunipa mimi. Na wewe unamsifu yeye tu."

Mama yake alifunika sufuria. "Hayo ungeniambia, ningekusikia. Sasa vaa ndala, twende."

Walimpitia Mzee Damiano wakaenda naye kwa Bi Amisa. Klara alisema yote, macho chini, machozi yakimdondoka.

"Kumbe kuku aliyenimalizia lengalenga anavaa yunifomu!" alisema Bi Amisa. "Bon, haya. Kesho utalima tuta upya, utapanda, na utamwagilia mpaka iote. Mi nitakuwa dirishani."

"Ndiyo, Bi Amisa."

Mzee Damiano alikuna kidevu. "Sheria ni ileile, kuku wakae ndani. Lakini mlango ulifunguliwa na mtu kwa makusudi. Banda libaki. Tieni kufuli, na ufunguo ashike Vumilia."

Njiani Mama Jeska alisimama. "Kuona wivu si kosa, Klara. Hata mimi huwa naona. Kosa ni kumtwika mwenzako uongo ili moyo wako upoe. Ukiumia, sema. Ukidanganya mbele ya watu, rudi kwa watu walewale useme kweli. Na kazi za asubuhi mtapokezana. Hilo nilipaswa kuliona mimi."

Walipofika, Vumilia alikuwa amechuchumaa mbele ya banda. Tetea alikuwa bado juu ya mayai, ametuna kwa hasira.

"Nisamehe," alisema Klara. "Nimewaambia wote."

Vumilia hakutabasamu. Aliokota ubao, akampa ncha moja. "Shika vizuri," alisema. "Usinipindishie."

Klara akashika kwa mikono yote miwili, na Vumilia akapiga msumari.