Jeptoo na Kura ya Alfajiri

Ndugu zangu wa Sterling na Annandale, hapa Virginia, Marekani, haraka imetuponza tena, na safari hii nitaisema bila kuipaka mafuta.

Jeptoo aliishi kwa utulivu hapo Sterling. Jioni aliwapikia watoto ugali na sukuma, kisha akapanda basi la kaunti kwenda kutunza wazee. Macho yake hayakumruhusu kuendesha gari, kwa hiyo basi lile ndilo lililomlisha. Wanakwaya wenzake kadhaa wa kanisani walilitegemea vilevile.

Ukafika uchaguzi wa baraza la kaunti. Silvanus, mgombea na mtu wetu wa nyumbani, akasimama kanisani, akatusalimia kwa lugha ya nyumbani, tukalainika wote. Jeptoo alikuwa amepata uraia juzijuzi tu. Kwao Kapsabet, siku ya kura watu hudamka alfajiri kupanga foleni, na anayechelewa huchomwa na jua. Tabia hiyo akaja nayo huku, ambako vituo hufunguliwa wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Siku ya kwanza kabisa aliwaamsha wanakwaya kwa simu, wakajaa kwenye gari la kanisa, wakampigia Silvanus kura na kurudi wakiimba.

Sabiha, Mzanzibari aliyefanya naye kazi, alikataa kwenda. "Shoga yangu, mdahalo wa wagombea bado," alimwambia. "Mwache kwanza aseme."

Jeptoo alicheka, akamwita mvivu.

Haya, mdahalo ukaja. Silvanus akaulizwa kuhusu mabasi ya jioni, akajibu bila kumung'unya maneno kwamba yanapita matupu na atayaondoa. Kesho yake Jeptoo alikimbilia ofisi ya uchaguzi, akaomba abadilishe kura yake. Afisa alimsikiliza kwa upole, kisha akamweleza kwamba kura ikishaingia kwenye mashine, imeingia. Maji yakimwagika hayazoleki, jamani.

Sabiha alipiga yake siku yenyewe, akamnyima Silvanus. Haikutosha. Silvanus alishinda kwa tofauti ya kura chache kuliko idadi ya watu waliojaa lile gari la kanisa.

Basi likaondolewa, na kazi ya Jeptoo ikaenda nalo. Jumapili moja baada ya ibada, Nyaguthii wa sauti ya pili, naye akiwa hana kazi, alimkalia karibu. Hakuwa na hasira.

"Dada Jeptoo," akamuuliza, "ulituamsha mapema hivyo tuwahi nini?"

Jeptoo alilia mbele ya kwaya nzima.

Funzo

Kura ya mapema si dhambi. Kama zamu yako inaangukia siku ya uchaguzi, au mwili haukuruhusu, nenda mapema na ushukuru kwamba nafasi ipo. Lakini mwenye uwezo wa kungoja, angoje. Wagombea hubanwa siku za mwishomwisho, na hapo ndipo yaliyo moyoni huwatoka. Ukiwa umeshapiga, utayasikia yote na hutakuwa na la kufanya. Na huyu tunayemwita mtu wetu, tumpime kwa anachotaka kututendea, salamu zake tuziitikie tu. Usimpe mtu kura yako kabla hajamaliza kusema.