Bei Aliyoitaja Wabuge

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea mtaa wa Langas, Eldoret, tangu asubuhi, na kila mtu anayekula kwa kompyuta alikuwa amekimbilia mkahawa mmoja wa Oloo Street wenye jenereta. Viti vilijaa, chai ikamwagika, waya zikatambaa chini ya meza. Wabuge, kijana mrefu wa koti la jinzi lililopauka, mtengenezaji wa tovuti asiye na ofisi wala mwajiri, alikuwa ameikalia soketi ya mwisho huku akizungumza na mteja kwenye simu.

"Elfu arobaini, bosi... Haya, thelathini. Ama ishirini? Bosi, wacha tuseme kumi na mbili, tusisumbuane."

Msichana wa meza ya pili alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alivaa sweta ya manjano, nywele zake zimesukwa nyembamba hadi kiunoni, na raba zake nyeupe zilikuwa zimeingia tope jekundu.

"Sasa wewe ulikuwa unabishana na nani?" akamuuliza. "Huyo mtu hakusema kitu. Amenyamaza tu, ukashuka bei peke yako."

"Kwani ulikuwa unasikiliza simu yangu?"

"Mkahawa mzima umesikia, bana. Hata yule wa chapati amekuhurumia. Naitwa Jemutai. Tunafanya kazi moja, ila mimi nakula."

Hapo ndipo Wabuge alipokwisha. Alichomoa waya yake akampa soketi, na kwa mtu wa kazi hiyo, hakuna posa kubwa kuliko hiyo.

Miezi mitano wakawa hawaachani. Jumapili baada ya kanisa Jemutai alimketisha na daftari, wakaandika kila kitu: saa za kazi, bando za intaneti, stima, na zile siku za mteja anayebadilisha rangi mara sita.

"Websaiti ya shule isishuke arobaini na tano, sweetie. Ukishataja bei, funga mdomo. Hesabu hadi ishirini. Yeye ndiye aongee."

"Na akikata simu?"

"Akate! Mimi na wewe tukishuka, hakuna mtu atalipwa vizuri hii Eldoret."

Wakaapa kwa kushikana vidole vidogo kama watoto, kisha wakabusiana kama watu wazima.

Agosti ikaja na habari mbaya. Mjomba wake Jemutai alikuwa amempatia kazi ya mapokezi katika hoteli moja Doha, mkataba wa miaka miwili. Mama yake, kule Cheptiret, alimpa hadi mwisho wa mwezi: apate mteja wa kumlipa kila mwezi, la sivyo apande ndege.

"Babe, nimempata!" Jemutai alimpigia siku moja, sauti ikiruka. "Amebaki kusema ndiyo tu."

"Nani huyo?"

"Unanijua, sitaji mteja kabla pesa ya kwanza iingie. Lakini huyu akikubali, siendi popote. Na wewe ukuje kwetu na wazee wako. Nimeshamwambia Mama jina lako."

Furaha ilimkosesha Wabuge usingizi. Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alikuwa Madam Rosebella, mwenye shule ya kibinafsi huko Plateau, nje ya mji.

"Kuna binti ananiitisha elfu sabini za websaiti, na kitu kila mwezi ya kuitunza," mama huyo alisema. "Wewe unaitisha ngapi?"

Kuna binti. Mabinti wa kazi hiyo mjini walikuwa wangapi? Swali lilimfika Wabuge kwenye ulimi, akalimeza. Aliogopa jibu lingeikatiza simu, na yeye alikuwa keshaanza kupiga hesabu za safari ya Cheptiret: blanketi za wazee, sukari, suti ya kukodi.

"Arobaini na tano, Madam." Akafunga mdomo, akahesabu. Alipofika kumi na moja alisikia kalamu ikigongagonga meza upande wa pili.

"Thelathini," akasema. "Madam, kumi na nane. Na kuitunza ni bure."

"Sasa hapo umeongea kama mtu."

Mchana alifika kwa Jemutai na nyama choma imefungwa kwenye gazeti. Alimkuta ameketi kitandani, macho mekundu, pasipoti mapajani.

"Nimekosa ile kazi," Jemutai alisema. "Kuna mtu amemwambia Madam kumi na nane. Kumi na nane, Wabuge! Na kumtunzia bure. Nani anaweza kufanya hivyo?"

Nyama ilimponyoka mikononi. Jemutai alimtazama usoni, akasimama polepole.

"Wewe?"

"Sikujua ni wewe. Aki sikujua!"

"Hakukuambia kuna mwingine?"

"Alisema... alisema kuna binti."

"Na hukuuliza. Toka, Wabuge."

Jemutai alimfungia simu siku tisa. Siku hizo zote Wabuge alihangaika kama aliyechomwa. Alimpigia Madam Rosebella, akamwambia anaiacha kazi, ampe yule binti kwa sabini. Madam alicheka. "Kijana, mimi sasa najua bei ni kumi na nane. Ukiacha, nitatafuta mwingine wa hiyo hiyo." Wabuge akabaki na kazi.

Siku ya kumi Jemutai alimpigia mwenyewe. Walikutana mbele ya ofisi ya basi la Nairobi, saa nne asubuhi, jua likiwaka lakini baridi bado ipo. Jemutai alivaa koti jipya jeusi, na sanduku lilikuwa limeshapakiwa.

"Nimekusamehe," alimwambia, akimshika mashavu. "Nilijaribu kukuchukia, nikashindwa."

"Basi usiende. Nikuoe, Jemutai. Leo. Nitakuja na wazee hata bila blanketi."

"Tutakula nini, mpenzi?" Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. "Nimepigia wateja watatu wiki hii. Wote wameniambia wamesikia kuna kijana wa kumi na nane."

"Nitakungoja. Miaka miwili si mingi."

"Usiningoje. Nakupenda sana, lakini usiningoje. Wewe ukiogopa, unatoa chochote ulicho nacho mkononi. Na mimi ndimi niliyekuwa mkononi."

Alimbusu kwenye paji la uso, akapanda. Basi likaingia barabara kuu, likapotea. Wabuge alibaki pale pale akilia wazi, watu wakimpita na mizigo yao. Simu ikalia mfukoni, akaipokea bila kuangalia.

"Kijana, nimefikiria," alisema Madam Rosebella. "Niwekee pia kwa hiyo websaiti mahali pa wazazi kulipia karo. Si ni kitu kidogo tu?"

Wabuge alijipangusa uso kwa mkono wa koti.

"Ni kitu kidogo, Madam," akasema.