Mikuki Iliyogeuzwa Juu

Tarumbeta la jioni lilipolia kule kwenye kambi ya jeshi, watu wa mtaani walisimama kama kawaida, mpaka bendera iteremshwe. Mwenye baiskeli alishuka. Bi Zabibu, jirani mchoma vitumbua, aliacha kimoja kiungue. Kisha tarumbeta likanyamaza, watu wakaendelea na mambo yao, na Edna, mtoto wa Lidwina, akabaki amesimama.

Alisimama katikati ya uwanja, visigino vimegusana, mikono imebana mapajani. Alikuwa na miaka mitano.

"Edna, bendera imeshashuka," Lidwina alimwita kutoka dirishani, alipokuwa akishona. "Njoo uoge."

"Bado hawajamaliza kuita majina, mama."

Lidwina alicheka, akarudi kwenye cherehani yake.

Wiki hiyo alikuwa akidarizi nembo za Mzee Pankrasi, mwanajeshi mstaafu. Kikosi chake kilivunjwa zamani, baada ya vita, na wazee wachache waliobaki walitaka nembo mpya za kushona begani, wazivae kwenye misa ya kuwaombea wenzao. Mzee alimletea Lidwina ya zamani, iliyofifia, aifuatishe. Kitambaa cheusi, alisema mzee, ni usiku. Mstari wa buluu uliopindapinda ni mto Ruvuma waliouvuka. Juu ya mto kuna chui, jicho moja kalifumba na jingine liko wazi, maana askari hulala hivyo. Na chini kabisa, mikuki miwili iliyoelekeza ncha ardhini. Kuhusu mikuki mzee hakusema kitu.

Ndiyo iliyomsumbua Lidwina. Nyumbani kwao Mpitimbi, mkuki wa babu yake ulisimama nyuma ya mlango, ncha juu. Ulielekezwa chini siku moja tu, siku babu alipotolewa nje ndani ya jeneza. Sasa atamvishaje mzee wa watu alama ya msiba begani? Aliona haya kumwuliza. Akajiambia kwamba fundi wa kwanza alikosea, akaigeuza mikuki yote ikatazama juu. Alifanya hivyo kwa huruma tu. Nembo ya kwanza, ya kujaribia, haikukaa vizuri, akaitumia kuziba tundu kwenye kiwiko cha sweta la Edna, lile alilosimama nalo uwanjani, kwa kuwa baridi ya Juni pale Songea haina mchezo.

Kesho yake Bi Zabibu alimtania kutoka upande wa pili wa ua. "Mama Edna, mumeo Aidan kaenda shamba kuvuna mahindi, wewe umeolewa na jeshi zima? Jana nimesikia mabuti kwako."

"Kwangu? Mimi nilidhani ni kwako, bibi."

Bi Zabibu aliacha kucheka.

Jioni hiyo umeme ulikatika na ukungu ukashuka mpaka kwenye mapaa. Tarumbeta lilikuwa bado halijalia. Kwanza ilikuja harufu, ya chuma kilicholowa na matope ya mtoni, ndani ya chumba kilichofagiliwa asubuhi. Halafu kokoto za nje zikaanza kulia chini ya miguu, miguu mingi inayokanyaga mara moja, polepole, ikizunguka nyumba. Lidwina aligeuka kumtafuta mtoto na kumkuta ameshafika uwanjani, anatembea kuelekea kwenye geti la mabati, magoti juu, mikono ikipanda na kushuka. Akakimbia, akamkumbatia kwa nyuma, na mtoto yule aliyembeba mgongoni juzi tu akawa mzito kama gunia la mahindi mabichi, akamburuta mama yake hatua kwa hatua, kandambili za Lidwina zikichimba mchanga, huku upande wa pili wa geti ile miguu ikiwa imesimama yote kwa pamoja na mabati yakitikisika kama mtu anayapapasa kutafuta komeo.

"Safu ina pengo, mama," Edna alinong'ona, bila kugeuza kichwa. "Wanasema nikalijaze."

Lidwina hakuweza hata kupiga yowe. Ni Bi Zabibu aliyeruka ua, chetezo cha ubani mkononi, akaushika ule mkono wa sweta wenye nembo na kumvua mtoto kwa nguvu. Edna akalegea. Nje, kokoto zikanyamaza.

"Nani kamvisha mtoto alama hii?" aliuliza Bi Zabibu.

Asubuhi walimwita Mzee Pankrasi. Aliziona nembo mezani, akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo, babu," Lidwina alisema, akitazama sakafu. "Niligeuza mikuki. Niliona kama msiba."

"Ndio msiba, binti yangu. Ulitakiwa uwe msiba." Alijifuta uso. "Tulipovuka Ruvuma, kuna kitu kilitufuata kutoka majini. Jini, sijui, mimi ni Mkatoliki. Kilipanga mstari pamoja nasi. Kila mwenzetu alipokufa, asubuhi tuliwakuta wengine hawapo, hata watu wa vijijini, hata watoto. Kilikuwa kinajaza safu. Shehe mmoja akatuambia: hakisomi, hakisikii dua, kinatii alama tu. Mkuki juu, vita. Mkuki chini, kazi imekwisha."

"Kwa nini hukuniambia, babu?"

"Kuna mambo ukiyataja yanageuka kukutazama."

Siku nzima walifumua. Lidwina alivuta uzi kwa uzi, wa nembo zote na wa ile ya kwenye sweta, Bi Zabibu akauchoma kwenye ubani. Kisha Lidwina akadarizi nembo moja mpya, ncha chini, machozi yakidondokea kitambaa. Bendera ilipoteremshwa, mzee aliibandika begani, akasimama mbele ya geti. Harufu ya matope ilikuwa imeshafika.

"Kikosi!" Sauti yake ilikwaruza. "Mguu... pande!"

Nje, miguu isiyohesabika ilipiga ardhi mara moja. Vikombe vikalia kabatini. Halafu kimya, na Edna akaomba uji.

"Wameondoka?" Lidwina aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wamepumzika. Kuvunja safu ni kazi ya kamanda, na kamanda wetu alifia ng'ambo ya mto."

"Na aliyepumzika hufanya nini?"

"Anasubiri amri nyingine," alisema mzee, na hakumtazama.

Edna alirudi kuwa Edna. Alikula, alicheza rede, aligombana na kuku. Ila kila bendera iliposhuka alisimama kidogo, miguu kapanua, mikono nyuma.

Januari akaanza darasa la awali. Lidwina alimpeleka mwenyewe asubuhi ya kwanza, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia mwalimu, lakini yangekuwa maneno gani? Alifika mbele ya mwalimu, akasalimia, haya zikamfunga mdomo. Watoto walikuwa tayari mstarini. Kiranja, msichana mrefu, alitoka mbele.

Edna alisimama mwisho wa safu. Pembeni yake palibaki nafasi, ya mtu mmoja, na hakuna mtoto aliyeisogelea. Mikono yake ilikuwa tayari nyuma. Uso wake ulikuwa umeelekea kwa mama yake, jicho moja kalifumba na jingine liko wazi.

Upepo ulileta harufu ya matope ya mtoni.

Lidwina alifungua mdomo amwite. Kiranja alimtangulia.

"Mguu... sawa!"