Yoyo Iliyotiwa Mafuta

Siku ya mnada wa mifugo, soko la Garissa halipitiki. Ndiyo siku ambayo Guled, karani wa ofisi ya maji, alisukumwa na mbuzi nyuma ya magoti akaangukia meza ya Idil, muuza saa na tochi. Guled alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, maana hakuwa na wa kumpigia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, chumba kimoja, sufuria moja. Jioni zake zilikuwa ndefu mno, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Umeumia, ama umenivunjia mali?" Idil aliuliza. Alijitanda shuka jepesi la rangi ya ndimu, na alikuwa na mwanya ambao aliuficha kwa kiganja kila alipocheka.

Guled alijiinua taratibu. Mkono wake ulikuwa umetua juu ya yoyo, kile kigurudumu cha kuchezea chenye uzi.

"Hizi bado zipo?"

"Huu ni mwaka wa tisini na tisa, kaka. Zimerudi upya. Uliwahi kucheza?"

"Darasa la saba nilikuwa bingwa. Nilikuwa na ile nyekundu, iliyopatikana kwa kukusanya vifuniko vya soda."

"Bingwa," Idil alisema, akimpima kuanzia kichwani hadi viatuni. "Haya bingwa, chagua."

Akamwekea tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, kama za zamani, ikifika chini inarudi mbio. Ya pili ilikuwa na kidude ndani. Ikichoka kuzunguka, inapanda yenyewe. Ya tatu, ya buluu, ilikuwa na beringi ndogo katikati na vibreki vya mpira. Hiyo hulala chini ikizunguka, ikingoja. Mpaka uivute kidogo kwa kidole ndipo inarudi.

Guled alizijaribu zote, watu wakimpita na mbuzi wao. Ya mbao ilimgonga kwenye fundo la mkono. Ya pili ilimfurahisha.

"Hii haina taabu."

"Ya wavivu hiyo. Inarudi hata hujaiita. Sasa raha yake nini?"

Guled akaichukua ya buluu, akatia mkono mfukoni.

"Acha," Idil akasema. "Wiki ijayo ni Idi. Hiyo ni zawadi yako. Simama wima kwanza." Akaupima uzi kwa macho, akaukata ufike kitovuni mwa Guled, kama inavyotakiwa. Nyuzi alizisokota mwenyewe kwa uzi wa fundi cherehani. Guled alisimama pale kama mwanafunzi anayekaguliwa, na moyo wake ukafurahi kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe kutoka Wajir.

Tangu hapo, kila akitoka ofisini alipitia mezani.

"Warya, we kaka, umeilaza sekunde ngapi leo?"

"Tisa."

"Bingwa gani wa sekunde tisa, mpenzi?"

Neno hilo la mwisho lilimtoka Idil kwa utani, lakini wote wawili walilisikia. Kisha Idil akasema, akipanga saa ambazo zilikuwa zimeshapangwa, "Kuna mtu wa Diff, kule mpakani, anaitwa Warfa. Ana ngamia wengi. Watu wake wamekwenda kwa baba, hukohuko Diff, kunichumbia, na baba ananingoja mimi nijibu. Nimemwambia asubiri kidogo."

"Asubiri nini?"

"Kuna mtu mwingine. Huyo akiniuliza, jibu ninalo."

Jamani, mtu aambiwe nini zaidi? Guled alitazama viatu vyake, akafikiria mshahara wake na sufuria yake moja, akasema, "Tutaongea."

Ijumaa ile, katika hamu ya kuizidishia yoyo usingizi, aliitia mafuta ya cherehani, kama walivyoipaka mafuta ile ya zamani shuleni. Ya zamani haikuwa na breki. Hii mpya, breki zikiteleza, ikalala dakika nzima, naam, lakini alipoivuta haikurudi. Akavuta tena, wapi. Usiku ule aliketi kitandani, yoyo ikining'inia kidoleni, akaona aibu. Bingwa ameharibu zawadi.

Jumamosi asubuhi aliipeleka sokoni ili Idil aitengeneze. Idil hakuwepo. Alikuwepo Hawo, shangazi yake, dada wa babake. Guled akamkabidhi. "Mpe Idil. Mimi imenishinda." Akaondoka haraka, kwa aibu ileile.

Sasa, Msomali gani asiyejua maana ya zawadi inayorudishwa kupitia kwa shangazi wa msichana? Ndivyo mwanamume anavyosema sikutaki bila kuleta ugomvi. Guled aliijua desturi hiyo kama jina lake. Siku ile alikuwa anafikiria mafuta tu.

Jumapili akangoja. Jumatatu akangoja. Alijiambia Idil akimpenda ataileta mwenyewe, tayari imepona. Alhamisi asubuhi subira ikamshinda, akaenda.

"Unataka nini tena?" Hawo alimuuliza. "Zawadi si uliirudisha mkononi mwangu? Ameondoka Jumatatu na lori la Diff."

Guled alikimbia, shati likimtoka kiunoni, hadi dukani kwa Jelle mwenye redio ya mawimbi, ile ambayo huku tunaiita taar. Diff hakuna simu. Unaongea kwa zamu, ukimaliza unasema ova, ukifunga mazungumzo unasema auti, na kila mwenye redio kuanzia Wajir hadi Kotile anakusikia. Jelle aliita. Idil alipopatikana, saa nzima ilikuwa imepita.

"Idil, ni Guled. Ile yoyo sikuikataa. Niliitia mafuta ikaharibika, nikaona haya kukuambia. Ova."

Redio ikakoroma.

"Niliyaona mafuta," sauti ya Idil ikaja, nyembamba. "Niliifungua. Nikasema, labda hukunikataa. Nikakungoja Jumapili kutwa mezani. Ova."

Jelle akajitia anahesabu betri. Guled akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Watu wote wa kaskazini walikuwa wanasikia, na kwa mara ya kwanza hakujali.

"Nakupenda, Idil. Nakuomba uwe mke wangu. Ova."

Redio ilikoroma tu, hata mtu wa Kotile, asiyejulikana ni nani, akaingilia. "Mjibu basi, dada. Ova."

"Baba alijibu jana," Idil akasema. "Aliniuliza kama bado kuna mtu. Nikasema hakuna. Ngamia wa mahari wameshafika, Guled. Ova."

Guled akakisogeza kipaza sauti mdomoni. Maneno ya kumwambia yalikuwa mengi, na yote yalikuwa ya Jumapili.

"Nimekupata," akasema. "Auti."

Aliporudi kupitia sokoni, Hawo alikuwa anafunga meza. Hakumkaripia tena. Habari za taar huwahi kufika. Akampa pakiti ya karatasi.

"Aliiacha. Alisema ukija nikupe, nami asubuhi nilikuwa na hasira."

Ndani mlikuwa na yoyo ya buluu, imeoshwa, kavu kabisa. Chini yake nyuzi kumi na mbili.

"Alizisokota Jumapili," Hawo akasema, "akikungoja."

Guled alichukua uzi mmoja, akausimamisha kutoka chini. Ulimfika kitovuni. Akaufunga kwenye yoyo, akaitupa. Ikalala, ikazunguka kimya. Akaivuta kidogo kwa kidole, ikarudi mkononi.

Zile kumi na moja akazikunja ndani ya karatasi yao, akamuaga Hawo, akaenda nyumbani kupika.