Mwanamke wa Jumamosi

Duka la vifungo na uzi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, kila mzazi anatafuta zipu ya sketi au kitambaa cha kaptula, na watu walikuwa wanasukumana kwa viwiko huku wakiombana radhi. Fundi cherehani alikuwa ameshafika kwenye kaunta, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, alipoona mkono wa mtu unapita juu ya bega lake na kugonga kaunta.

"Kaka, naomba uzi usiokatika."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, nywele zimenyolewa karibu na ngozi, shati jeupe lenye mistari ya pasi iliyosimama kama imechorwa kwa rula.

"Hakuna uzi usiokatika," fundi alimwambia. "Kuna uzi, halafu kuna mtu anayejua kushona."

"Na wewe ni yupi?"

"Mimi ni mtu uliyempita kwenye foleni."

Waliokuwa nyuma wakacheka. Kijana akarudi hatua moja, akasimama wima kama anakaguliwa, akasema, "Samahani, afande." Hapo ndipo fundi alipojua kuwa ni mwanajeshi. Na hapo hapo, tuseme ukweli, ndipo alipompenda, ingawa ilimchukua wiki tatu kukubali.

Kijana alikuwa mwanafunzi wa urubani kwenye kambi ya ndege nje ya mji. Tayari alikuwa amerusha ndege ya mafunzo peke yake mara nne, na alipokuwa anaeleza, mikono yake yote miwili ilikuwa inapaa juu ya meza, inapita katikati ya vikombe vya chai. Fundi alimwita Rubani. Yeye akamwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi, mbona simu ina upepo?"

"Niko nje ya bweni."

"Na huyo anayecheka?"

"Mwenzangu wa kozi, tunamwita Mfupi."

"Mfupi ana sauti nyembamba."

"Mpenzi, Mfupi ana ndevu mpaka hapa!"

Ndivyo fundi alivyokuwa. Hakuwa mgomvi, lakini macho yake yalizoea kuona mshono uliopinda kabla mwenye nguo hajauona, na macho ya namna hiyo huwezi kuyaacha kazini ukarudi nyumbani bila hayo. Alijua Rubani ana mashati mangapi. Alijua anavyokohoa akiwa hana la kusema. Na alijua kwamba simu yake huzimwa kila Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana.

"Zamu," Rubani alisema alipoulizwa. "Jumamosi niko zamu."

Mama mdogo, ambaye chumba cha kushonea kilikuwa chake na alikaa kwenye cherehani ya pili, aliisikia habari hiyo akasonya.

"Mwanamume mwenye zamu siku moja, saa zile zile, wiki nenda wiki rudi? Huyo ana mgonjwa anamuuguza mahali."

"Mama mdogo, usinichochee."

"Nikuchochee na nini? Mimi nakata kitambaa hapa."

Mwezi wa tano wa mapenzi yao, Rubani alileta ovaroli iliyochanika gotini. Haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya bluu yenye mistari ya njano mabegani, kitambaa chepesi kinachopiga kelele ukikishika. "Ya rafiki," alisema, akakohoa, akaondoka haraka.

Fundi huwa anakagua mifuko kabla ya kushona, maana sindano ikikuta kitu kigumu inavunjika. Kwenye mfuko wa kifuani alikuta kadi. Ilikuwa na tarehe kumi na nane zilizopangwa kwenda chini. Aliteremsha kalenda ukutani akazilinganisha moja moja. Zote Jumamosi. Mbele ya kila tarehe yaliandikwa maneno yale yale, "Nimekunja mwenyewe," kisha saini ya mwandiko wa kike, herufi za mviringo, mkia wa mwisho umepindwa kama ua. Juu palipigwa muhuri wa uwanja mdogo wa ndege ulio upande wa machimbo ya mawe.

Amekunja nini? Mashuka?

Alipiga simu hapo hapo. "Nani anakukunjia?"

"Eh?"

"Jumamosi. Nani anakukunjia?"

Rubani alikohoa. "Aah, hiyo kadi! Ni ya dobi, mpenzi."

"Dobi anasaini?"

"Dobi wa kisasa huyo."

Alicheka peke yake.

Jumamosi ilipofika fundi hakugusa kazi. Saa mbili asubuhi alipiga namba ya lango la kambi, namba ambayo Rubani mwenyewe alimpa kwa ajili ya dharura. Mlinzi alikuwa mpole.

"Wanafunzi Jumamosi hawana zamu, dada. Wana ruhusa tangu saa moja."

"Hawana? Hata siku moja?"

"Hata moja. Nimwachie ujumbe?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka. "Mwachie. Mwambie mwanamke wa Jumamosi amekwisha kujulikana. Mwambie ile ovaroli yake ya bluu na njano nimeishona, aje aichukue, au nimpelekee huko kwenye uwanja wa machimboni anakokunjiwa!"

"Nimeandika, dada," mlinzi akasema.

Fundi hakushtuka kwa neno hilo. Hakujua kwamba kila simu ya langoni huandikwa kwenye daftari kama ilivyosemwa, na kwamba Mkuu wa Chuo hulisoma daftari hilo kila Jumatatu asubuhi.

Akaiviringisha ovaroli chini ya kwapa, akakodi pikipiki.

Uwanja wenyewe ulikuwa njia moja ya lami, banda la mabati na majani makavu. Ndege ndogo ilikuwa juu inazunguka, mlango wake uko wazi. Fundi akaona nukta inatoka kwenye ile ndege. Nukta ikaanguka, ikaanguka tu, ndipo kitambaa chekundu kikafunguka juu yake kikasimama hewani. Mtu akashuka taratibu, akakimbia hatua chache kwenye majani, akaketi kwa makalio huku anacheka. Alikuwa Rubani, ndani ya ovaroli ya kuazima isiyomfika miguuni. Kicheko hicho fundi hakuwahi kukisikia. Kwake hajawahi kukileta.

Na mwanamke akatoka bandani mbio. Suruali nyeusi iliyombana, misuko mirefu imefungwa kwa kitambaa cha manjano, kiuno cha kuchora. Akampiga Rubani begani, akaukusanya ule mwavuli wa kurukia wote kifuani kama mtu anayeanua nguo zake mwenyewe.

Fundi alimfuata mpaka bandani.

"Wewe ndiye unayekunja?"

"Ndiyo, mimi ndiye mkunja miavuli hapa," alisema yule mwanamke, akaushusha mwavuli kwenye meza ndefu. "Karibu. Umekuja kuruka?"

"Nimekuja kumrudishia mtu ovaroli."

Mkunjaji aliitazama ovaroli, akamtazama yeye, akafungua droo. "Subiri. Wewe ndiye mke wake?"

"Nani kasema nimeolewa?"

"Yeye kasema." Akamwekea karatasi mbele. Ilikuwa fomu ya kujiunga. Kwenye kazi, Rubani alijaza dereva. Kwenye mstari wa mtu wa kupigiwa simu likitokea baya, alijaza mke, na namba ya simu ilikuwa ya fundi.

"Ninayo namba yako tangu Jumamosi ya kwanza," mkunjaji akasema. "Kila akipanda namuomba Mungu nisiipige. Na nikuambie kitu dada, nisije nikaonekana mtakatifu: nilimtaka. Nikamwambia. Akaja akanionyesha kwa kidole huu mstari."

Fundi alikosa pa kuuweka wivu wake. Aliubeba miezi mitano, na sasa mwenye mali anamwambia hakuna mali. Lakini haukuondoka. Uligeuka tu, ukapata pa kukaa.

Rubani aliingia anajipangusa majani. Alipomwona, kicheko kikamkauka.

"Sindano..."

"Usiniite. Kwa hiyo ungekufa, huyu ndiye angejua kwanza. Mimi nimekaa kwenye cherehani nangoja zamu yako iishe, halafu mwanamke nisiyemjua ananipigia, ananiambia mume wangu ameanguka. Mume ambaye sina!"

"Sikutaka uogope."

"Bora ningeogopa! Hofu ningekuambia, ungenishika mkono. Wivu ningemwambia nani?"

Rubani aliketi kwenye benchi. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba siku ya kwanza ya kozi kila mwanafunzi hutia saini karatasi: mpaka apate beji ya mabawa, hakuna mbio za pikipiki, hakuna kupanda majabali, hakuna kuruka kwa mwavuli bila ruhusa ya maandishi. Mguu ukivunjika kozi imekwisha. Lakini kwenye ndege ya jeshi kila sekunde kuna mtu anakuambia la kufanya, na hapa, kwa dakika moja, hakuna. Basi akaficha. Kazi aliificha huku, mchezo akauficha kule, na Sindano akadanganywa katikati.

"Wakijua je?" fundi akauliza.

"Wananitoa. Lakini nani awaambie?"

Fundi aliushika ukingo wa meza. "Nimepiga simu langoni."

"Umesema nini?"

Akamwambia, neno kwa neno. Mkunjaji akawaacha, akatoka nje.

Jumapili mchana Rubani alipiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mfupi ameliona daftari. Kesho Mkuu ataniita, na wewe atakupigia. Nakuomba kitu kimoja. Sema ulikasirika ukatunga. Ovaroli hukuiona."

"Niseme mimi ni mwanamke wa kutunga."

"Ni neno tu, mpenzi. Ni kozi yangu yote hiyo."

Fundi aliuweka mkasi mezani. Alimpenda, na alijua kwamba neno moja tu lingemrudisha kwenye ndege yake.

"Kosa la kupiga simu ni langu, na nitalibeba," alisema. "Lakini umenifanya mjinga miezi mitano, sasa unataka nijiite mwongo mbele ya wakubwa zako ili wewe uonekane mkweli? Hapana. Akipiga sitapokea. Kaseme wewe mwenyewe, lolote utakalosema."

Akakata. Kisha akalia mpaka mama mdogo akazima redio.

Jumatatu Mkuu wa Chuo hakupiga. Hakuhitaji, kwa sababu kabla hajaufungua ukurasa wa Jumamosi, Rubani alikuwa mbele ya meza yake amesimama wima, anasema kila kitu mwanzo hadi mwisho. Mkuu alimsikiliza, akasema kwamba angedanganya angelala nyumbani kwao siku hiyo hiyo. Kwa kuwa hakudanganya, alitolewa kwenye kundi lake, aanze upya na kundi lijalo. Miezi minane chini, kazi yake kutembea kwenye njia ya ndege na ndoo, kuokota kila kijiwe kinachoweza kumezwa na injini.

Wiki tatu hawakuongea. Siku moja asubuhi simu ikalia juu ya cherehani.

"Kelele gani hiyo?" fundi akauliza kabla ya salamu.

"Ni kundi langu la zamani. Leo wanapaa wawili wawili." Rubani akangoja ndege ipite. "Anayeongoza ni Mfupi. Mfupi, Sindano! Mtu niliyemfundisha mimi kutua!"

"Unajisikiaje?"

"Kuna kitu hapa kifuani kinatafuna. Nikiwaangalia natamani kuwarushia haya mawe. Usiku naota wanacheka, na mimi sijui wanacheka nini."

Fundi akasimamisha mashine.

"Unalijua jina lake?"

"Nalijua. Sikujua kama kinauma hivi. Na wewe ulikaa nacho miezi mitano, mimi nakuletea habari za dobi. Nisamehe, mama."

"Nimekuponza na mimi. Nisamehe."

"Nije kwa baba yako?"

"Ukiulizwa utasema nini?"

"Nitakachoulizwa, nitajibu."

Alikuja mwezi huo, amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, pamoja na mjomba wake. Sebule ilikuwa imejaa. Mjomba alikuwa amekwisha kuwaambia watu mlangoni kwamba amemleta rubani, na shangazi zake fundi walikuwa wanapigana viwiko. Fundi alisimama nyuma ya pazia la ukumbini.

"Kijana," baba akasema, "kazi yako?"

Mjomba akavuta pumzi ya kujibu. Rubani akamwahi.

"Kwa sasa, mzee, naokota mawe."

Shangazi wakaacha kupigana viwiko. Mjomba akainamia viatu vyake.

"Nilivunja sheria nikateremshwa. Imebaki miezi saba. Nikirudishiwa ndege nitarusha. Na nikipewa ruhusa kwa maandishi, nitaruka na mwavuli tena, kwa sababu naupenda. Binti yako anajua."

Baba akageukia pazia. "Unajua?"

"Najua, baba."

"Na bado unamtaka?"

Fundi akalisogeza pazia akatoka, macho makavu, akamtazama Rubani mpaka shangazi mmoja akakohoa.

"Namtaka," akasema. "Na yule mkunja miavuli bado namwonea wivu. Nasema mapema, mbele ya watu, asije akasema hakuambiwa."