Hesabu Nyuma ya Karatasi za Daktari

Kila jioni akitoka shuleni, Wakonyo alipitia kwenye duka la dawa la mama yake, Monicah, sokoni Gakindu. Leseni ya duka ilining'inia ukutani, na kando yake palikuwa na msumari. Aliyenunua dawa kali aliacha karatasi ya daktari iliyoidhinisha dawa hiyo, naye Monicah akaitundika kwenye msumari huo. Wakonyo alizipenda karatasi hizo kwa kuwa nyuma zilikuwa nyeupe. Alikuwa akizichukua moja moja bila kuuliza na kufanyia hesabu za shule.

Jumatatu wakaguzi walifika na polisi. Walihesabu vidonge vya usingizi vilivyouzwa, wakaona karatasi sita hazipo. Monicah alikamatwa, akashtakiwa kwa kuuza dawa bila idhini ya daktari. Kesho yake kortini, kiongozi wa mashtaka alipinga dhamana. Alidai mshtakiwa ameharibu karatasi, na akiachiliwa ataharibu zilizobaki. Hakimu aliahidi kuamua Alhamisi, na Monicah akapelekwa rumande.

Wakonyo alijua karatasi zilipo. Zilikuwa kwenye mkoba wake, zimejaa desimali. Aliogopa hata chakula kikamshinda. Jumatano jioni nyanya yake, aliyemwita Cucu, alimkalisha jikoni.

"Unaumwa?"

"Hapana, Cucu. Ni mimi nilichukua karatasi za mama."

Cucu alisimama. "Ziko wapi?"

"Ziko kwa begi."

"Lete. Na uvae viatu, tunaenda kwa wakili saa hii."

Alhamisi wakili Nekoye alimkabidhi hakimu karatasi zote sita, akaeleza jinsi Wakonyo alivyozichukua. Hakimu alizigeuza moja baada ya nyingine.

"Huyu mtoto hajui kugawanya," alisema, na watu wakacheka. Kisha akaamua: karatasi hazikuharibiwa, na mshtakiwa ana duka na makao yanayojulikana. Atakuwa nje kwa dhamana hadi kesi isikizwe mwezi ujao.

Nje ya korti Wakonyo alilia. "Nisamehe, mama. Kesi imeisha?"

"Bado. Korti imeniamini tu kwamba nitarudi siku ya kesi, na nitarudi." Monicah alimfuta machozi. "Lakini nimelala kwa simiti siku tatu kwa sababu ulinyamaza. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa."

"Nitasema."

"Basi kesho utakuja dukani kama kawaida."

"Hata baada ya haya yote?"

"Ndiyo. Wewe pia nimekuachilia kwa dhamana," Monicah alisema. "Usiniangushe."